Zamu za Hoteli na Haki ya Nyumba



 

Leo hatutaandika juu ya tajwidi wala hukumu za twahara, mambo ambayo ndiyo tunayafundisha kila siku hapa Nyamirambo, Kigali. Tunataka kuandika juu ya hoteli. Huenda mkashangaa, mwalimu wa madrasa anatafuta nini hotelini? Jibu ni kwamba sisi hatukuifuata hoteli, bali hoteli ndiyo iliyotufuata madrasani. Katika watoto wa darasa letu la jioni, wengi wana baba, mama au kaka anayefanya kazi ya wageni: kupika, kutandika vitanda, kupokea mizigo, kufua mashuka, kuhudumia meza. Tumefika mahali tunawajua wazazi kwa zamu zao. Huyu ni wa asubuhi, atakuja kumchukua mtoto baada ya Alasiri. Yule ni wa usiku, usimpigie simu kabla ya saa nane mchana kwani amelala. Na yupo baba mmoja aliyetusimamisha mlangoni akatuuliza mwanawe amefika sura gani. Tukamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wiki nzima ile hakuwahi kumkuta mtoto akiwa macho.

Tumo katika kazi hii kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na maswali wanayotuletea wazazi wa hotelini yamebadilika. Zamani swali lilikuwa moja tu: mhudumu Mwislamu anayebeba chupa ya bia kwenye sinia hukumu yake ni ipi. Swali hilo bado lipo, tena ni zito, lakini lina somo lake peke yake na si la leo. Siku hizi wanatuletea ugomvi wa mapumziko. Baba anashitaki kuwa mwanawe ni mvivu, kila wiki anadai siku yake ya kupumzika kama anayedai deni. Mwana naye anasema baba yake amejifanya mali ya tajiri, na kwamba yeye hataki kuzeeka namna ile. Wote wawili wanafanya kazi ileile, katika mji uleule, wala hawaelewani.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani wengi tunaiona hoteli kwa nje tu, taa zake na bustani zake. Ukitaka kujua ugumu wake kwa familia ya Kiislamu, chukua saa za swala uziweke kando ya saa za hoteli. Hapa kwetu karibu na ikweta Alfajiri huingia kabla ya saa kumi na moja, na huo ndio wakati watu wa chai ya asubuhi wanatakiwa kuwa njiani. Swala ya Ijumaa inaangukia katikati ya chakula cha mchana, saa ambayo meza zote zimejaa. Magharibi inaingia mnamo saa kumi na mbili jioni, wakati chakula cha usiku kinapangwa mezani. Mwezi wa Ramadhani mpishi Mwislamu anafunguza watu mia mbili, na yeye mwenyewe anafuturu kwa tende moja na glasi ya maji nyuma ya mlango wa jikoni, amesimama. Haya hakuyapanga mtu kwa ubaya. Ni kwamba kazi ya mgeni inashika saa zilezile ambazo nyumba nayo inamtaka mtu wake.

Halafu kuna ile zamu ya kukatwa vipande viwili. Mtu anaingia alfajiri kwa ajili ya chai, saa nane mchana anaambiwa aende, saa kumi na mbili jioni arudi hadi saa tano usiku. Kwenye karatasi zinahesabiwa zile saa za kazi tu. Lakini zile saa nne za katikati ni za nani? Akipanda basi kwenda nyumbani, nusu yake imekwishia barabarani. Akibaki mjini hana pa kukaa. Tunawajua watu wanaolala kidogo msikitini baada ya Adhuhuri wakisubiri zamu ya pili, nasi hatuwaamshi.

Sasa turudi kwa wazee na vijana.

Hoteli kubwa za Kigali zilikuwa za kuhesabika. Hôtel des Mille Collines ilifunguliwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi mtu akisema anafanya kazi hotelini ulijua ni mojawapo ya nyumba chache tu. Aliyepata kazi humo alishukuru na kukaa. Alianza kwa kuosha masufuria, akapanda hadi kukata vitunguu, akapanda hadi jikoni penyewe. Kifaransa alijifunza kwa masikio, na Kiswahili alitoka nacho nyumbani. Vijana wa leo wameingia kwa mlango mwingine. Serikali iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Baadaye vyuo vya utalii vikaongezeka, na mwaka 2016 pakafunguliwa Kigali Convention Centre pamoja na hoteli kadhaa za majina ya dunia. Kijana anaingia akiwa na cheti mkononi, ameshasomeshwa kwamba mkataba una vifungu na kwamba saa za ziada zina hesabu yake. Baba yake aliingia kwa fadhila ya jirani aliyemwombea. Haya peke yake yanatosha kuwafanya wasielewane.

Lakini kuna zaidi. Mzee mmoja, ambaye jina lake tunaliacha, ni mpishi aliyeanza mwaka 1987 na sasa anakaribia kustaafu. Mwanawe wa nne yupo mapokezi katika hoteli nyingine. Mzee huyu ana sifa, na kwa kweli anajisifu, kwamba hajawahi kuchukua likizo yake yote hata mwaka mmoja. Siku moja tulikaa naye Biryogo, kwenye zile barabara zilizofungiwa magari mwaka 2021 zikapakwa rangi na kuwekwa meza za chai, tukamuuliza kwa nini hapumziki. Tulidhani atasema ni pesa. Akatuambia kwamba baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 aliporudi jikoni, alikuta nusu ya aliokuwa akipika nao hawapo. Akasema, "Mwalimu, mikono ikisimama kichwa kinaanza." Hakuongeza neno, nasi hatukumwongezea swali.

Tangu siku ile hatuwakubalii vijana wanaosema kuwa wazee walikuwa wajinga wa haki zao. Wengine walijua vizuri. Kazi kwao ilikuwa ndiyo dawa, na jikoni ndimo walimobaki na watu wa kucheka nao. Mzee huyu anapumzika kazini. Anakunywa chai na wenzake saa nne, anataniana na watu wa dobi, anajua mtoto wa nani ameoa na wa nani amefeli. Mkimpa siku mbili za kukaa nyumbani anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Lakini nasi hatumpi haki yote. Watoto wake saba wamekua, na mara ngapi alikaa nao? Mke wake aliwahi kutuambia, kwa utani wenye uchungu ndani yake, kwamba mgeni wa chumbani juu anaijua ladha ya mkono wa mume wake kuliko yeye. Mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu. Salman alipomtembelea nduguye alimkuta mkewe amejiacha, hana hata hamu ya kujipamba, kwa sababu mume anafunga mchana na kusimama usiku, nyumba haina habari naye. Salman akamwamuru ale, akamwamuru alale, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki. Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Angalieni vizuri jambo hili. Kilichokuwa kikiila haki ya nyumba ya Abu Dardaa ni ibada. Ikiwa ibada ya sunna hairuhusiwi kuila haki ya mke, basi meza ya chakula ya watalii itaila kwa ruhusa ya nani?

Kwa vijana nako tunayo ya kusema. Madai yao mengi ni ya kweli, na sheria iko upande wao. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 iliweka saa 45 kwa wiki, na mabadiliko ya mwaka 2023 yakazishusha hadi 40. Mfanyakazi ana haki ya saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 18 za kazi. Anayedai haya hana kiburi. Tena vijana hawa waliona kwa macho yao mwaka 2020. Korona ilipoingia mwezi Machi na mipaka ikafungwa, hoteli zikazimika kama taa, na watu waliokuwa wamezitumikia miaka 15 wakaambiwa wakae nyumbani mikataba ikiwa imesimamishwa. Baadhi yao tuliwapelekea unga na mafuta kwa michango ya msikiti. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule akamwona baba yake amekaa uani bila kazi wala shukrani, akaweka nadhiri moyoni kwamba yeye hataipa hoteli maisha yake yote. Hiyo nadhiri ndiyo wazee wanaiita uvivu.

Tatizo letu na vijana ni kile wanachokifanya na mapumziko wakishayapata. Anadai siku yake, anapewa, kisha siku ile inakwisha amelala kitandani na simu usoni hadi Alasiri. Jioni amechoka zaidi ya alivyokuwa asubuhi. Sisi hatupingi starehe. Tunapenda mpira, na Rayon Sports inapocheza uwanjani hapa Nyamirambo hata baadhi ya walimu hawaonekani (hatutaji nani). Zile Jumapili ambazo mji unafunga barabara kwa magari ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli, tunawahimiza wanafunzi waende. Sahaba Handhala (R.A.) alipohofu kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa na wake na watoto anasahau yale anayoyasikia mbele ya Mtume (S.A.W.), Mtume alimtuliza kwamba ni saa hii na saa ile. Furaha ya nyumbani ina saa yake. Lakini katika kisa kile furaha ni ya mke na watoto na shughuli zao. Simu haikukaa na mtu nyumbani, imemtoa nyumbani huku kiwiliwili kimebaki.

Tuwaeleze sasa lililotokea Septemba 2025, maana ndilo lililotufanya tuandike. Mtakumbuka kuwa kati ya tarehe 21 na 28 mwezi ule Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za mji zilifungwa wiki ile, barabara zikafungwa kwa zamu, hoteli zikajaa. Hotelini likizo zote zikasimamishwa. Na katika wiki hiyohiyo yule kijana wa mapokezi, mtoto wa mzee mpishi, akaruzukiwa mtoto wake wa kwanza, wa kike. Siku ya saba ya akika ikaangukia siku ambayo ratiba inamwonyesha kazini tangu asubuhi hadi usiku.

Akaenda kumwomba msimamizi, akakataliwa. Akaja nyumbani amekunja uso, anasema ataacha kazi. Baba yake akamwambia maneno ambayo mzee wa kazi angeyasema: "Nenda kazini mwanangu. Mbuzi tutamchinja sisi, nyama itagawiwa, mtoto atapewa jina. Mgeni hana siku nyingine, mtoto unaye maisha." Kijana akamjibu, tena mbele yetu: "Baba, wewe ulikuwepo kwenye akika ya nani katika sisi?"

Pakawa kimya. Mzee alikuwapo kwenye moja, ya kifungua mimba. Hilo tulikuja kulijua baadaye kwa mama. Kijana aliomba radhi palepale, maana amelelewa, na sisi tukamkanya kwa kumuuliza mzee hivyo mbele za watu. Kisha tukabaki na jambo lenyewe. Kisheria akika si lazima iwe siku ya saba pekee, na wanazuoni wametaja siku ya kumi na nne na ya ishirini na moja kwa aliyekosa. Tuliwaambia hivyo, na kwa mtu wa fiqhi mlango huo unatosha. Lakini kijana hakuwa anauliza fiqhi. Alikuwa anauliza kama na yeye atakuwa baba wa kuhadithiwa.

Aliyelimaliza ni mwenzake wa mapokezi, msichana Mkristo wa umri wake. Alisikia, akajitolea kumshikia zamu kuanzia asubuhi hadi Alasiri, naye amlipe siku ya Krismasi. Msimamizi hakupinga, kwa sababu meza ya mapokezi haikubaki tupu. Hili la kubadilishana sikukuu si jipya, wafanyakazi wa hoteli wa dini zote wamekuwa wakilifanya: huyu anamshikia mwenzake Idi, yule anamshikia Krismasi na Pasaka. Linafanyika kimya kimya, kwa vijikaratasi na kwa maneno ya mdomo, na limeokoa sikukuu nyingi. Sisi tunaliona ni katika kutekeleza ahadi na wema kwa jirani. Na huyo kijana tarehe 25 Desemba alikuwa kazini saa kumi na mbili asubuhi kama alivyoahidi, tulimuuliza.

Basi siku ile ya akika alikuwepo, akamshika mwanawe aliponyolewa. Mzee mpishi alipika yeye pilau, na kwa kuipika ilibidi naye aombe ruhusa ya siku moja kwake. Watu wa jikoni kwake walidhani anaumwa.

Kati ya wazee na vijana wapo wale wa katikati, na hao hawapigiwi kelele na mtu. Tunaye mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, anatandika vyumba, watoto watatu wote wapo kwetu, mume amefariki. Yeye hana ugomvi na saa za kazi wala hadai apunguziwe. Shida yake ni kwamba ratiba ya wiki inatumwa kwa simu Jumapili usiku, wakati mwingine saa nne, kuhusu kazi inayoanza Jumatatu alfajiri. Hawezi kumwambia dada yake aje kulala na watoto, hawezi kuahidi kwenda hospitali, hawezi kwenda kwenye harusi, hata umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hajui kama ataufanya mtaani au kazini. Alituambia, "Mwalimu, wangenipa hata siku tano mbele, ningepumzika hata nikifanya kazi." Tumelifikiria sana neno hili. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 172 mwaka 1991 kuhusu hoteli na mikahawa, liliandika ndani yake kwamba kila inapowezekana wafanyakazi wajulishwe ratiba mapema ili waweze kupanga maisha yao na ya familia. Huu ni zaidi ya miaka 30. Jambo lenyewe halina gharama, ni karatasi kubandikwa ukutani Alhamisi badala ya Jumapili. Wapo wasomaji wetu ambao ni wasimamizi hotelini, tunawajua, nanyi mnajijua. Mnaweza kuanza wiki hii bila kumwomba tajiri ruhusa.

Kwa upande wa madrasa tumefanya linalotuhusu. Zamani tulikuwa na siku moja ya wazazi, Jumapili asubuhi, na mzazi wa hoteli hakuja hata mara moja, kwani Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Tukawa tunawahesabu ni wasiojali. Sasa mzazi anatuletea siku yake ya mapumziko, hata ikiwa Jumanne, na mtoto wake anasoma mbele yake siku hiyo, robo saa, baada ya Alasiri. Simu inabaki kwenye kikapu mlangoni. Vijana walilalamikia kikapu mwanzoni, wazee wakacheka. Yule mama wa vyumba amekuja mara mbili, mara ya tatu akabadilishiwa zamu akiwa njiani.

Na mzee mpishi anakuja. Hana mtoto madrasani tena, wa mwisho alimaliza zamani. Anakaa nyuma karibu na mlango, anasikiliza watoto wa wenzake wakisoma Juzuu Amma, na akiona mtoto amekwama anatikisa kidole kama anayeonja mchuzi. Likizo yake ya mwaka huu ameiomba nusu.

Wazazi ambao hamjatuletea siku zenu, leteni kabla ya Ramadhani, maana mwezi ule darasa litakuwa baada ya Adhuhuri ili wapishi na wahudumu wawahi zamu ya futari. Mkiwa hamna ratiba bado, njooni hivyohivyo.